Mateke ya Kiangazi

Niliingia kwenye ufundi wa bomba kwa sababu ya njaa, nikabaki kwa sababu ya chuki. Wanaoniona leo nimepiga magoti kwenye matope, kitenge nimekifunga kiunoni na kle ya kukazia mabomba mkononi, husema mama huyu ana moyo wa kusaidia watu. Nawaacha waseme. Mimi najua nilichokuwa nakitafuta, nilikipata, na mpaka leo sijakiombea msamaha kanisani.

Kijiji chetu kiko juu ya Kirolirwe, upande wa malisho, mahali ambapo ng'ombe wana nafasi kuliko watu. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi moja, mwendo wa saa nzima kupanda mlima. Pale chanzoni pamejengwa sanduku la saruji lenye vane, yaani koki kubwa ya kufungua na kufunga bomba, na vane hiyo ina kufuli ambayo ufunguo wake unakaa kwa komite ya maji. Kutoka hapo bomba linashuka ardhini hadi kwenye robine mbili za kuchotea maji, moja ya juu karibu na kanisa, nyingine ya chini karibu na barabara. Aliyetunza vyote hivyo alikuwa papa mmoja, baba wa makamo, tuliyemwita fontenye, kama wanavyoitwa wote wa kazi hiyo. Alibeba mawe wakati bomba linajengwa, akabaki na kle wajenzi walipoondoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza kitu.

Karibu kila kiangazi maji yalikatika. Sisemi yalipungua, nasema yalikatika. Komite ilipanda chanzoni ikakuta sanduku limejaa, vane iko wazi, kufuli iko mahali pake. Maji yapo, ila yanakataa kushuka kwetu. Fontenye alikaa kimya siku mbili, kisha akasema chemchemi imekasirika, na akamtaja aliyeikasirisha. Mwaka mmoja alikuwa mchunga ng'ombe aliyeosha buti zake pale. Mwaka mwingine bibi harusi aliyepita akicheka kwa sauti. Mwenye kosa alitoa kuku na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, fontenye akapanda peke yake kuongea na maji, na kesho yake robine zikatoka. Tulimshukuru sana. Hata mimi nilimpa mkono, nikapiga goti kidogo, jinsi unavyomsalimia mtu mzito.

Halafu mume wangu akafa. Tumbo lilimshika siku nne, na ya tano tukamzika. Kwetu mjane hapandi kwenye chanzo cha maji mpaka anyolewe nywele na kilio kiondolewe. Nilijua hivyo tangu utoto. Lakini siku ya sita nyumba ilikuwa imejaa watu wanaonifundisha namna ya kulia, na nilitaka kulia kwa namna yangu. Nikapanda mpaka chanzoni. Nilikaa pale, nikalia, nikanawa uso, nikashuka. Jirani yangu, ambaye tulikuwa tunapeana moto na chumvi tangu tuolewe, alikuwa anakata kuni upande wa pili. Aliniona.

Siku ya tisa maji yakakatika. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele ya kanisa. Robine ya juu ilikata ghafla, maji yakiwa bado meupe, na watoto wakaanza kushindana kuweka viganja vyao kwenye mdomo wake, maana ilikuwa inavuta. Ilishika kiganja kama ndama anavyoshika kidole. Walicheka sana. Chini barabarani, maji yaliendelea kutoka kidogo kidogo kwa muda, kisha nayo yakaisha.

Jumapili, baada ya ibada, fontenye alisimama mbele ya watu wote.

"Huyu mama aliingiza kilio mu maji," akasema. "Njo maana maji inakatala kushuka."

Jirani yangu akatoa ushuhuda. Nikatoa kuku, yule aliyekuwa anataga, nikatoa na kasiksi iliyobaki ya kilio. Maji yakarudi. Lakini kwangu fontenye aliongeza adhabu ambayo wengine hawakuipata. Alisema maji yamerudi kwa ajili ya watu, ila mimi nisiguse tena robine, kwa sababu chemchemi inanikumbuka. Sijui kwa nini aliongeza. Labda ni kwa sababu sikulia mbele yake.

Mara tatu nilijaribu kuchota. Mara tatu jirani yangu aliishika bido yangu, lile dumu la maji, akaipindua, akamwaga maji yote miguuni pangu. Hakuwa na hasira hata, alifanya kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye maharage. Baada ya hapo nilishuka mtoni, mahali ng'ombe wanapokunywa, na nilishuka hivyo miaka miwili. Mgongo ulizoea. Kitu ambacho hakikuzoea ni hiki: niliamini. Niliamini kwamba uso wangu wenye machozi ulikuwa umeyachafua maji ya watu wote. Jioni nilisimama chini ya njia inayopanda chanzoni nikaiomba chemchemi radhi, kwa sauti, kama mtu anayeongea na mama mkwe. Nikikumbuka nilivyokuwa nasimama pale, hata leo, natamani kumpiga mtu.

Nilihamia Kitshanga kwa dada yangu, aliyekuwa anauza maharage sokoni. Wakati huo kulikuwa na kituo kinachofundisha watu kutengeneza mabomba ya kambi za wakimbizi, na waliofuzu walipewa kazi. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Walioandikishwa nami wangeweza kuwa watoto wangu, na siku ya kwanza walidhani nimekuja kupika. Mara mbili mafunzo yalisimama kwa sababu ya risasi, tukatawanyika, tukarudi, tukakuta mabomba ya mazoezi yameibiwa, tukaanza tena. Nilijifunza kukata bomba bila kulipinda, kuchonga uzi wa kufungia kwenye ncha zake, kuzungushia filasi, zile nyuzi za katani, ili maji yasipenye. Mikono iliyolima miaka thelathini haina shida na kle. Nilikuwa mwanafunzi wa katikati, si mzuri si mbaya.

Mwalimu wetu alikuwa papa mmoja mwenye mgongo mbovu, aliyefundisha akiwa amekaa kwenye bido tupu. Siku moja alitengeneza mfano kwenye mteremko nyuma ya kituo: pipa la maji juu, vane katikati, robine mbili chini, moja imewekwa juu kuliko nyingine. Akafungua robine zote mbili, akafunga vane, akaniita.

"Mama, weka mukono pale juu."

Nikaweka kiganja kwenye robine ya juu. Ikakivuta. Nilisikia ngozi inaingia ndani, na nikaona mbele ya kanisa letu, watoto wanacheka.

"Maji ya chini iko inashuka, inatafuta hewa ya kufuata nyuma yake," mwalimu akasema. "Juu kumefungwa, sasa inavuta mukono yako."

Nikamuuliza ingekuwaje kama ni chanzo kimekauka. Akafungua vane, akamwaga pipa lote, na robine ya juu haikuvuta kitu, kwa sababu hewa ilikuwa inaingia kutokea huko juu. Nikamuuliza ingekuwaje kama ni matope yamejaa ndani ya bomba. Akasema matope hayana haraka, maji yanapungua siku kwa siku na yanakuja machafu kwanza.

"Maji haina roho, mama. Haichukie muntu. Ukiona inakata safi, ghafla, na robine inavuta, weye tafuta mukono ya muntu."

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana, na nikamwomba arudie. Alirudia mara tatu, na kila mara niliweka kiganja changu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenishinda darasani. Nilikuwa nalala na ile kle ubavuni.

Kazi ya kwanza walitupeleka Mpofi, huko Walikale, kwenye msitu, kujenga bomba jipya. Hapo kulikuwa na mzee aliyerithi kutunza chemchemi. Kabla hatujachimba alimimina pombe chini, akaongea na wakubwa zake waliokufa kwa lugha yake, kisha akavua shati na kubeba mabomba pamoja nasi mpaka mwisho. Siku maji yaliposimama, alikuja kutuuliza ni kazi gani hatukuimaliza vizuri. Hakuuliza ni mwanamke gani amepita pale. Nilimheshimu mzee huyo, na nikaelewa kwamba sina ugomvi na mila. Ugomvi wangu ulikuwa na mtu mmoja, na mwingine mdogo na jirani yangu.

Niliporudi Kitshanga nilingoja. Sikuenda kijijini kupiga kelele, maana nani angenisikiliza? Nilingoja kama mtu anayengoja ndizi ziive. Mvua moja kubwa ikateremsha udongo wa mlima wetu, ukavunja bomba sehemu mbili. Kijiji kilijitahidi miezi kwa miti na kanda za mpira, mpaka kiangazi kikaingia, na komite ikatuma watu kituoni kuomba fundi. Niliinua mkono kabla hawajamaliza kusema ni wapi.

Fontenye alinipokea mwenyewe. Alikuwa amekonda, ila sauti ilikuwa ileile.

"Karibu, mama. Ulizeeka," akasema. "Lakini chemchemi iko inakukumbuka."

"Na miye minaikumbuka," nikamjibu.

Komite ikanipa ufunguo wa kufuli, kwa siku za kazi tu. Nilifunga maji kule chanzoni na siku ya kwanza nikaunga bomba pale palipovunjika. Siku ya pili nilifuata njia ya bomba lote, peke yangu, nikitafuta mahali panapovuja. Nyasi zote za mlima zilikuwa za njano, ardhi ngumu. Na katikati ya ukame huo, kwenye mteremko, kulikuwa na shamba dogo la mateke, yaani magimbi, majani mapana, mabichi, udongo wake mweusi. Nilikuwa nalijua tangu zamani. Lilikuwa la fontenye, na sote tulikuwa tunasema papa huyu ana mkono mzuri wa kulima.

Mateke hayaoti pakavu. Nilichimba katikati yao. Chini ya jiwe bapa, ndani ya kishimo kilichojengwa kwa mawe, nikaikuta: vane ya pili, ya wajenzi, ambayo kila mtu alikuwa ameisahau isipokuwa aliyebeba mawe. Udongo uliokuwa umeizunguka shingo yake ulikuwa umelowa, kwa yale matone yaliyovuja miaka yote na kunywesha mateke yake. Kuku wangu, mchunga ng'ombe, bibi harusi, miaka yangu miwili ya mtoni, vyote vilikuwa kwenye shimo lenye upana wa sufuria. Niliiweka kle chini.

Halafu nikafanya kazi. Nilifungua kifuniko cha vane, nikatoa kile kipande cha shaba kinachoshuka kukata maji, nikakitia mfukoni. Nikarudisha kifuniko. Sasa ungeweza kuizungusha mpaka mkono uchoke, isingefunga kitu. Ule uvujaji sikuugusa, asije akashtuka. Nikarudisha jiwe, udongo, na mateke mawili niliyokuwa nimeyang'oa. Nikapanda kufungua maji chanzoni.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, nilienda kwenye robine ya juu na kujaza bido mbele ya kila mtu. Fontenye alisogea, akasema bila haraka, kama anayesoma matangazo:

"Mutaona. Siku ya pili, mbele ya mchana, maji itakatala."

Siku hiyo ya pili, Jumanne, kila nyumba ilikuwa imejaza mabeseni na sufuria. Watu walikusanyika robineni kuangalia. Nilikaa juu ya jiwe, mikono magotini. Fontenye alichukua jembe, akasema anaenda kupalilia. Akarudi, akakunja mikono kifuani, akaiangalia robine. Maji yalitoka. Akangoja. Maji yalitoka. Akasema amesahau kitu shambani, akarudi kule, na safari hii alikaa sana. Aliporejea alikuwa na matope mpaka kwenye viwiko, na jasho likimtoka kidevuni, na maji yalikuwa yanatoka vilevile, yenye nguvu. Aliniangalia. Nami nikamwangalia. Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Lakini furaha ile ilikaa kidogo tu. Mama mmoja wa kwaya akainua mikono.

"Imemusamehe," akasema. "Chemchemi imemusamehe."

Vigelegele vikapigwa. Na yule papa, ambaye nilidhani nimemmaliza, akapata pumzi papo hapo.

"Njo vile," akasema. "Nilikuwa minamuombea siku zote. Imesikia."

Wakaanza kumpa mkono. Wakampa mkono yeye! Jirani yangu akaja kunikumbatia huku analia, akaniambia sasa ninaweza kurudi nyumbani, nimesamehewa. Nimesamehewa kwa kunawa uso. Nilimtoa mikono yake mabegani mwangu, polepole, maana ningeharakisha ningemwangusha.

"Chukueni majembe," nikasema. "Bamama wote, munifuate."

Walinifuata kwa sababu ya sauti yangu. Fontenye alisema mateke yake yasikanyagwe, na hapo ndipo watu wa komite walipoanza kumwangalia vizuri. Nilichimba. Nilitoa jiwe. Kulikuwa na alama mbichi za vidole kwenye udongo unaozunguka vane. Nilimtuma mmoja wa komite na ufunguo akafunge maji chanzoni, tukangoja chini ya jua. Maji yalipoisha nikatoa mfukoni kile kipande cha shaba, nikawaonyesha, nikakirudisha mahali pake, nikakaza kifuniko. Maji yakafunguliwa tena juu, na tukasikia sauti kutoka kijijini kwamba robine zinatoka.

"Funga," nikamwambia jirani yangu.

"Miye?"

"Weye."

Alipiga magoti akazungusha kwa mikono yake miwili, akiogopa. Kisha nikamshika mkono, nikashuka naye mpaka robine ya juu, na watu wote nyuma. Ilikuwa imekata safi. Niliweka kiganja chake kwenye mdomo wa robine, ikakivuta. Alipokitoa kilikuwa na duara jekundu katikati.

"Kumbe njo mukono tu," akasema.

Hakuna aliyempiga fontenye. Komite ilichukua kle yake, ikanipa mimi ufunguo wa kazi yote. Watu waliacha kumsalimia, basi. Kwa mtu aliyezoea kupigiwa goti, hiyo ilitosha, ila kwangu haikutosha.

Kesho yake jirani yangu alileta bido ya maji mpaka mlangoni pangu, nyumba ile ya zamani ambayo nilikuwa nimeifungua na kuifagia. Nilipokea kwa mikono miwili, nikaipindua, nikamwaga miguuni pake. Aliangalia maji yanavyoingia ardhini. Akachukua bido, akaenda, akarudi nayo imejaa. Nikamwaga. Akaenda tena, akarudi anahema, nikamwaga ya tatu. Alikuwa anajua hesabu sawa na mimi. Ya nne niliipikia ugali, tukala mpaka sahani zikaisha.

Wiki ile ile nilirudi kwenye vane ya mlimani. Nilibadilisha filasi ya shingoni, nikakaza mpaka isitoe hata tone. Kisha nikajenga juu yake kisanduku cha saruji chenye kifuniko, kionekane na kila anayepita njiani.

Mwezi haukuisha fontenye akaja kunitafuta. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye robine ya chini, nabadilisha mpira. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "mateke yangu yote iko inakauka."

Niliendelea na kazi mpaka mpira ukakaa sawa.

"Pole, papa," nikamjibu. "Fikiri vizuri. Labda uliikasirisha chemchemi."

Alivaa kofia yake, akapanda njia ya kwake. Nilifungua robine, nikaona haivuji, nikakusanya vyombo vyangu.